Risasi za kujaza mwenyewe: kipimo gani cha bunduki yako ya kuwindia umekiamini miaka yote? (Uzi maalumu)

#1 Mnyamwezi wa Milimani

Wakuu, heshima kwenu.

Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore moja na vipimo viwili. Kimoja kifuniko cha pembe ya swala, hicho cha kanga. Cha pili kipande cha mwanzi alichokikata kwa kisu, hicho cha nguruwe pori. Baruti inamiminwa, tambara linashindiliwa kwa mdeki, goroli zinafuata, tambara tena juu. Ukimuuliza kwa nini mwanzi kaukata hapo na si nusu kidole juu yake, anakujibu, "Ndipo hii bunduki inapopataka." Na ukitaka kumwazima jirani mwanzi ule kwa ajili ya gobore lake, mzee anakunyang'anya mkononi.

Leo niko Montana, Marekani, nje kidogo ya Missoula, na nimejikuta nafanya kazi ileile ya babu kwenye meza ya gereji. Tofauti ni kwamba hapa kuna mizani ya kusoma sehemu ya kumi ya greini, na presi ya chuma ya kurudishia maganda umbo, niliyoifunga kwa bolti nne. Huku wawindaji wengi wanajaza risasi zao wenyewe. Unaokota maganda yako baada ya kufyatua, unayasafisha, unayarudisha kwenye umbo, unaweka fataki mpya (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti, kisha kichwa, ile sehemu inayoruka. Ni halali, vifaa vinauzwa dukani kama misumari.

Mwalimu wangu alikuwa mzee jirani, fundi bomba mstaafu. Ana bunduki moja tu ya maana, .270 Winchester (namba hizi ni majina ya aina za risasi ambazo bunduki inapiga), na daftari lenye jalada la kijani ambalo alianza kuliandika miaka ya sitini. Nilipomwambia nimenunua .30-06 ya mtumba, hakuniuliza ya kampuni gani. Aliniuliza, "Umeshaipigia risasi ngapi?" Nikamwambia kumi. Akasema basi bado hatujafahamiana nayo.

Kipimo changu ninachokiamini ni hiki: .30-06, ganda la Winchester, fataki ya Federal 210, baruti ya H4350, kichwa cha Nosler Partition cha greini 180. (Kwa wasiozoea: greini 15.4 ni gramu moja, kwa hiyo kichwa hicho ni kama gramu 11.7.) Kinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde. Nimekitumia tangu 2012 sijabadilisha kitu. Nimeangusha nacho elki saba. Elki ni jamaa mkubwa wa kulungu, dume lake linafika kilo 300 na zaidi, na mfupa wake wa bega si wa mchezo.

Kwa nini Partition? Kile kichwa kina ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele inachanua, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kuchimba. John Nosler alikibuni baada ya kuwinda musi (jamaa wa elki, mkubwa kumzidi) kule British Columbia, Kanada, mwaka 1946, vichwa vyake vikawa vinapasukia juu juu, mnyama anasimama anakuangalia. Mwaka 1948 akaanza kuviuza. Vipya vimekuja vingi tangu hapo, vyenye ncha za plastiki za rangi zote, vingine vinapiga shabaha vizuri kuliko hiki changu. Mimi risasi zangu tatu mita 90 zinakaa kwenye kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda, na hiyo inanitosha, kwa sababu elki sijawahi kumkuta akiwa na ukubwa wa kifuniko cha soda.

Uzito wa baruti sitauandika hapa. Nitaeleza baadaye kwa nini, najua mtanirukia.

Leteni vyenu. Bunduki, kichwa, baruti, na umekiamini kwa sababu gani. Sitaki vya wiki iliyopita. Nataka vile ambavyo vimekaa.

#2 Kichwa Ngumu

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Sina bunduki hata ya maji.

#3 Mzee wa Rungwa

Mnyamwezi, salamu kutoka Singida. Nimefanya kazi ya porini miaka 26, mwanzo mbeba maji, kisha mfuata nyayo, mwisho nikawa mwindaji bingwa mwenye leseni. Sasa nafuga kuku.

Sisi hatukujaza risasi. Tulipewa za dukani, tukazihesabu kama sadaka. Ila nimeziona za kujaza nyingi sana maana wageni wengi wa Kimarekani walikuja nazo kwenye vikasha vya plastiki, kila kikasha kimeandikwa kwa kalamu. Na nimejifunza jambo moja: nikiona mgeni ameandika pia tarehe na joto la siku aliyozijaribu, usiku ule nalala.

Kulikuwa na mmoja, jina halina kazi. Alikuja na .375 H&H nzuri kama pete ya ndoa. Risasi kajaza mwenyewe kwao wakati wa baridi, na kwa maneno yake mwenyewe "nimezipa pumzi". Akazipanga kwenye boneti ya Land Cruiser, mwezi wa Oktoba, saa saba mchana. Wenyeji mnajua boneti ya Oktoba, chapati inaiva. Tukakuta nyati dume watatu. Akapiga wa kwanza, akapiga vizuri kabisa, kisha nikasikia kimya. Nageuka namwona anavuta mkono wa bolti, lile komeo la bunduki, kwa mikono miwili kama anang'oa muhogo. Ganda limevimba, limeng'ang'ania kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Nyati hakuwa na muhogo wa kung'oa. Nilimaliza mimi kwa .470, hatua kama kumi na tano.

Jioni alitaka kujua bunduki yake ina ugonjwa gani. Nikamwambia bunduki nzima kama nilivyokuona wewe. Wewe ndiye umeishibisha.

Kwa hiyo kipimo changu cha .375, ingawa sijakijaza kwa mkono wangu: kichwa cha greini 300, Swift A-Frame au kingine chochote kigumu cha aina hiyo, mwendo wa mita 760 hivi, basi. Bunduki hiyo ilitoka 1912 na mwendo wake ulikuwa karibu na huohuo. Nyati wa leo hawajaongeza ngozi.

#4 Mbongo Pretoria

Mzee wa Rungwa, umenichekesha na umenitisha.

Hayo ya joto ndiyo yaliyowafanya wazee wa Kiingereza wajenge maganda makubwa kama chupa. .416 Rigby ya 1911 ina ganda pana kwa sababu baruti ya zamani ya kodaiti ilikuwa inapandisha shinikizo ikipata jua la Afrika na India. Ganda likiwa na nafasi, shinikizo linabaki chini, ganda linatoka hata kama bunduki imelala juani.

Na kinyume chake ni .458 Winchester ya 1956. Ganda fupi, baruti ikashindiliwa mpaka ikabanana. Zile za mwanzo zikikaa muda, baruti inaganda kama sukari iliyopata unyevu, risasi inatoka goigoi. Jack Lott alikanyagwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na hiyo hiyo .458, akapona, akaenda kubuni ganda refu zaidi. Ndiyo .458 Lott ya 1971.

Mimi niko Afrika Kusini mwaka wa 14. Huku kujaza ni kama kuchoma nyama, kila boma lina presi. Sheria inakuruhusu kukaa na risasi 200 kwa kila bunduki uliyoiombea leseni, isipokuwa uwe mwindaji aliyesajiliwa rasmi na chama. Baruti tunatumia ya hapahapa, Somchem. Yangu: .308, baruti ya S335, ganda la PMP, kichwa cha greini 150. Impala, nguruwe pori, na kudu mmoja ambaye nilikaa nyuma yake siku mbili. Nimekiamini kwa sababu hakijawahi kunishangaza.

Ushauri kwa wanaoanza: ganda la PMP lina ukuta mnene, ndani yake nafasi ni ndogo. Kipimo kilichokuwa salama kwenye ganda la Winchester ukikihamishia humo bila kushuka, shinikizo linapanda. Baruti ileile, kichwa kilekile, ganda tu limebadilika.

#5 Chui wa Kibaha

Mkuu Mnyamwezi acha uchoyo bana. Umeleta uzi wa kipimo halafu kipimo chenyewe umekificha. Ni sawa na mama ntilie anakwambia pilau yangu ina bizari ila hasemi vijiko vingapi. Weka namba watu waone.

#6 Mnyamwezi wa Milimani

Chui, nilikungoja wewe.

Ngoja nikwambie lililonipata, ndipo uamue kama ni uchoyo.

Mwaka wangu wa pili mzee aliniruhusu nijazie .270 yake kwa sababu macho yake yalianza kusumbua. Kipimo chake ni mashuhuri: kichwa cha greini 130 na baruti ya H4831. Baruti hiyo asili yake ni mabaki ya vita. Baada ya Vita vya Pili jeshi la Marekani lilikuwa na shehena ya baruti ya mizinga midogo ya milimita 20, Bruce Hodgdon akanunua, akaanza kuwauzia wawindaji kwa bei ya bure. Mwandishi Jack O'Connor akaisifia pamoja na .270 mpaka ikawa kama wali na maharage. Mzee wangu alikinakili kipimo hicho enzi hizo, na tangu hapo kulungu na elki wameanguka wee.

Mimi nikaenda dukani. Nikaona mkebe umeandikwa 4831. Nikalipa.

Nilichoacha kusoma ni herufi zilizo mbele. H4831 na IMR 4831 ni baruti mbili tofauti. Ya IMR inaungua haraka zaidi. Namba moja, watoto wa mama tofauti. Nikafungua daftari la kijani, nikapima uzito wa mzee, nikajaza risasi tano.

Uwanjani nikapiga ya kwanza. Mlio haukuwa na ajabu. Nikashika mkono wa bolti kuunyanyua, ukagoma. Nikaupiga kwa kiganja ukaachia, ganda likatoka. Nikaligeuza kwenye mwanga. Fataki ambayo huwa na kingo za mviringo ilikuwa bapa kabisa, imejaa mpaka ukingoni kama ugali uliokandamizwa kwenye sahani. Na pembeni yake, juu ya maandishi ya kitako cha ganda, kulikuwa na doa dogo la mviringo linalong'aa, pale shaba ilipobanwa ikaingia kwenye tundu la pini inayotupa ganda nje. Shaba ilikuwa imetiririka kama nta. Zile risasi nne sikuzipiga. Nilizifungua moja moja nyumbani, baruti nikaimwaga kwenye majani.

Mzee sikumficha. Alilishika lile ganda muda mrefu, kisha akachukua penseli akaandika kwenye jalada la daftari lake kwa herufi kubwa: H. Halafu akanionyesha kitu kingine. Kipimo chake cha zamani kilichoandikwa ukurasa wa kwanza kimezidi hata kile ambacho vitabu vya leo vinaruhusu kwa H4831 yenyewe. Ile ya mabaki ya vita iliisha kitambo. H4831 ya sasa inatengenezwa Australia. Jina ni lile. Yeye mwenyewe alishashuka greini mbili miaka mingi iliyopita, ila hakufuta ule ukurasa, aliuacha kwa kumbukumbu. Mimi nilinakili kumbukumbu.

Ndiyo maana siandiki. Nikiandika namba yangu leo, mwaka 2035 kijana mmoja ataitafuta, atakuta "H4350 greini kadhaa", dukani atakosa H4350 atachukua IMR 4350 kwa sababu namba zinafanana. Kitabu cha mtengenezaji kina namba, kina kiwango cha juu na cha kuanzia, na kila toleo linasahihishwa. Chukua kiwango cha juu, shuka asilimia kumi, anzia hapo, panda nusu greini nusu greini, ukitazama fataki na kusikiliza bolti. Bunduki itakwambia inapopataka.

#7 Chui wa Kibaha

Nimekuelewa mkuu. Pilau nimeliacha.

#8 Bi Shabaha wa Norrland

Hodi wenyewe. Dada yenu wa Tanga, niko Uswidi kaskazini, nimeolewa na msitu.

Huku bunduki ya familia ni 6.5x55, mzee wa 1894, alianza jeshini akastaafia kwenye uwindaji. Watu wa .30 wanamcheka kwa wembamba, halafu Septemba ikija mnahesabu musi wakiwa chini, kicheko kinaisha. Sheria hapa inapima kazi ya risasi, haijali ukubwa wa jina. Kwa musi, kichwa kikiwa na gramu 10 au zaidi kinatakiwa kubaki na jouli 2,000 kikifika mita 100. Kikiwa na gramu 9 hadi 10, kinatakiwa jouli 2,700. Kwa hiyo wenye 6.5 wengi tunapanda kwenye kichwa kizito cha greini 156, ambacho ni gramu 10.1. Ile nukta moja ndiyo inayokuingiza mlangoni.

Changu: Norma Oryx 156, baruti ya Vihtavuori N160 kutoka kwa majirani Wafini, ganda la Lapua. Baba mkwe alikuwa anajaza hivyo kabla sijajua theluji ni nini. Kinakwenda polepole, hakipigi kelele, bega langu linakishukuru. Nyama haiharibiki. Ukipiga musi kwa kichwa chepesi chenye mbio, bega zima la mnyama unalitupa kwa mbwa, na musi mmoja ni friza nzima ya familia.

Sasa na mimi niseme la kwangu. Mizani ya elektroniki ina kitufe cha kubadili gramu na greini. Mwanangu wa miaka sita alipita akakibonyeza. Nikaona namba ndogo mno, nikaanza kuongeza baruti mpaka nikafikia namba niliyoizoea. Bahati nzuri, kwa namba ileile kwa gramu, baruti ilijaa sahani ikaanza kumwagika mezani, nikashtuka. Tangu siku hiyo nina jiwe la mizani la greini 50 ambalo nalipima kwanza, kabla ya baruti, kila nikikaa. Na mlango una komeo.

#9 Kichwa Ngumu

Karanga zimeisha. Endeleeni.

#10 Mwana wa Voi

Wasee wa Tanzania mna bahati ya kujadili haya. Sisi Kenya uwindaji ulifungwa 1977 na mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Buda yangu alibeba mizigo ya wazungu Tsavo upande wa chini. Alikuwa na maganda mawili ya Kynoch, kampuni ya risasi ya Waingereza, amegeuza kuwa filimbi.

Swali: hayo maganda ya zamani ya Kynoch yanaweza kujazwa tena? Kuna jamaa Marekani anataka kuyanunua.

#11 Mbongo Pretoria

Voi, angalia ndani kwa tochi, chini kabisa. Ukiona tundu moja katikati, hilo linaitwa Boxer, fataki inatolewa kwa pini tu. Ukiona vitundu viwili vidogo pembeni, hilo ni Berdan, na ya Kynoch wa zamani mengi ni hivyo. Berdan inajazika ila ni shughuli, fataki zake hazipatikani ovyo, na zile za zamani zilikuwa na chumvi inayokula chuma. Waliopiga nazo bila kuosha mtutu kwa maji ya moto usiku uleule waliamka na kutu.

Mwambie huyo jamaa anunue kama filimbi.

#12 Seremala Tu

Naomba kuuliza jamani, msinicheke. Mimi niko Urambo, nina gobore lenye kibali. Ndugu yangu ameniletea baruti kidogo ya kizungu, ile ya vijiti vidogo vyeusi kama risasi ya penseli. Nikipunguza, nikatia nusu ya kipimo changu cha kawaida, si itakuwa sawa?

#13 Mnyamwezi wa Milimani

Seremala, USITHUBUTU. Samahani kwa herufi kubwa, ila usithubutu hata robo.

Baruti ya gobore ni ile nyeusi ya moshi, inapimwa kwa ujazo, kwa mwanzi na kifuniko, na mtutu umetengenezwa kwa ajili ya nguvu yake. Hiyo ya vijiti haina moshi, ni kitu kingine kabisa. Ndani ya .30-06 inaruhusiwa kufika shinikizo la pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, na huko iko ndani ya chemba ya chuma kinene yenye bolti imefungwa kwa meno. Gobore likipewa hiyo mtutu unapasuka kama ndizi, na pembeni ya mtutu ndipo mkono wako wa kushoto ulipo. Kupunguza hakusaidii. Baruti hizi zina tabia mbovu hata zikiwa chache kwenye nafasi kubwa.

Irudishe kwa ndugu yako. Na halafu, Tanzania silaha na risasi zina sheria yake ya 2015. Kabla hujamiliki baruti yoyote au kujaza chochote, kamuulize ofisa wa polisi anayeshughulikia vibali, si sisi wa mtandaoni.

#14 Mzee wa Rungwa

Msikilize huyo, Seremala. Nimewahi kumbeba mtu wa Manyoni kwenye machela ya magunia kwa sababu ya swali kama lako. Vidole viwili alivibakiza porini.

#15 Seremala Tu

Asanteni wazee wangu. Nimemrudishia leo asubuhi.

#16 Chui wa Kibaha

Swali la uchumi sasa. Kwani kununua kasha tayari si rahisi? Maganda kufua, kupima, kukata, mbona kama kazi ya adhabu.

#17 Mnyamwezi wa Milimani

Ni adhabu kidogo, sibishi. Na akiba yake si kama watu wanavyojisifia. Kabla ya 2020 nilikuwa nanunua fataki 1,000 kwa dola 35. Ilipokuja ile njaa ya korona, rafu zikabaki tupu zaidi ya mwaka, na ziliporudi nikalipa 90. Bado risasi ishirini za Partition zinanigharimu takriban nusu ya kasha la dukani, ila ukihesabu presi, dai (kalibu ya kurudishia ganda umbo), mizani, na zile jioni za Februari, mwenye duka anacheka. Tunaojaza hatutumii pesa kidogo, tunapiga zaidi kwa pesa ileile.

Faida yangu ni nyingine. Ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki yangu limeshachukua umbo la chemba yangu. Silirudishi lote, nasukuma bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, kidogo tu, chini ya unene wa karatasi moja. Linadumu. Ganda la .30-06 lisipite milimita 63.35; nikipima kwa kalipa nikaona limerefuka, nalikata hadi 63.1. Ukiacha shingo ndefu inabanwa na mwisho wa chemba, haiachii kichwa, na shinikizo linapaa bila wewe kuongeza hata punje ya baruti.

Na kila mara kabla ya kujaza nachukua klipu ya karatasi, nimeikunja ncha kama ndoano, naiingiza ndani ya ganda na kuikokota ukutani kutoka chini kwenda juu. Ganda zima, klipu inateleza. Ganda lililochoka, karibu na kitako ncha inaanguka kwenye mfereji ambao kwa nje huuoni, au unaona mstari mweupe tu kama uzi. Hilo likipigwa mara moja zaidi linakatika vipande viwili, nusu inabaki ndani ya bunduki na elki anakwenda zake. Napondaponda kwa nyundo ili nisije nikalionea huruma.

Jambo la mwisho mezani: maganda hamsini yote yakishapata baruti, kabla ya kichwa hata kimoja, nayapitisha chini ya tochi, trei nzima. Usawa wa baruti lazima ulingane. Lililozidi linaonekana, na lililosahauliwa linaonekana zaidi. Lisilo na baruti ndilo linalonitisha, maana fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na wewe kwa haraka unapiga cha pili nyuma yake.

#18 Bi Shabaha wa Norrland

Ile ya klipu baba mkwe anatumia spoku ya baiskeli. Na redio lazima izimwe. Akianza kumimina baruti hata kahawa huruhusiwi kumpelekea.

#19 Mbongo Pretoria

Mnyamwezi, California walikataza risasi za madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, ndege wanaokula mizoga walikuwa wanakufa. Montana mkifikiwa, Partition yako ina moyo wa madini hayohayo. Utafanya nini?

#20 Mnyamwezi wa Milimani

Nimeshaanza kuchungulia Barnes za shaba tupu. Ni ndefu kwa uzito uleule, kwa hiyo zinaingia ndani zaidi ya ganda na kula nafasi ya baruti. Nitalazimika kushuka hadi greini 165 na kuanza daftari upya. Miaka miwili mingine ya kufahamiana. Sijanuna, ila sijafurahi.

#21 Mzee wa Rungwa

Kijana, nina swali lisilo la kitaalamu. Ule mwanzi wa babu yako uko wapi?

#22 Mnyamwezi wa Milimani

Mzee wangu, umenigusa.

Gobore lilirudishwa serikalini babu alipofariki, kwa utaratibu. Mwanzi na kifuniko cha pembe mama alivihifadhi kwenye debe la chumvi. Mwaka juzi alivituma pamoja na ulezi wa uji wa mtoto. Uko hapa mezani, kando ya mizani, umekuwa mweusi na laini kwa kushikwa.

Baada ya kusoma swali lako nimefanya utoto. Nimechota ulezi kwa ule mwanzi, nikasawazisha mdomoni kwa upande wa kisu kama alivyokuwa anafanya, nikamwaga kwenye sahani ya mizani. Nikarudia mara tano. Kati ya mzito kuliko wote na mwepesi kuliko wote, tofauti haikufika greini mbili.

Kifuniko cha pembe kimepasuka. Hicho sikukipima.